Hodi Kwenye Skrini Nyeusi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Baba Paroko na Mchungaji ambao leo mmekubali kukaa benchi moja, Mzee Abdulrahim uliyepanda mabasi mawili kutoka Katesh ili uje kuniaga, Mkuu wetu wa Shule Mwalimu Baltazar, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na wewe Brightness uliyejificha kule nyuma kana kwamba shughuli hii haikuhusu: wazee wangu wote, shikamooni.

Nimesikia marahaba kutoka upande wa kulia. Upande wa kushoto wamekaa wadogo zangu, kwa hiyo kwenu nasema habari za asubuhi. Wanafunzi, ninyi bado hamjanisalimia, na mnajua kwamba nitangoja.

Marahaba, wanangu. Kaeni.

Mnanijua mimi. Kwa miaka thelathini na mitatu niliyokaa katika ofisi ya katibu muhtasi wa shule hii, hakuna mtu aliyepita mlango wangu bila kubisha hodi na bila kusalimia, awe mzazi, awe mkaguzi, awe Mkuu wa Shule mwenyewe. Mwalimu mpya akifika huonyeshwa mambo matatu: choo kiko kule, maji yanatekwa pale, na kwa Mama Margwe ubishe hodi. Najua mnanicheka nikigeuza mgongo. Leo nataka niwaeleze jinsi tabia hiyo mnayoicheka ilivyoingia ndani ya kompyuta za shule yetu, na jinsi ilivyoniokoa nisimalizie utumishi wangu stoo, nikipokea majembe kutoka kwa wanafunzi waliotoka shambani. Kwenye ratiba nimeandikiwa dakika tano. Mshereheshaji, hiyo saa yako iweke mfukoni.

Mimi nilianza kazi hapa na taipureta. Wazee mnaikumbuka, ilikuwa na sauti ya mvua ya mawe juu ya bati, na mtihani mmoja wa kidato cha nne niliupiga kwenye stensili kwa muda wa siku mbili, kisha tukaudurufu kwa mkono mpaka bega linakufa ganzi. Baadaye tuliletewa kompyuta moja yenye picha na kipanya. Niliijua vizuri, tulielewana, na radi ikaipiga mwezi wa Machi. Halafu, miaka mitatu iliyopita, marafiki wa parokia wakatuletea kompyuta kumi na moja kwa mkupuo.

Mnakumbuka furaha ya siku ile? Wanafunzi walizibeba kutoka kwenye lori kama wanabeba mtoto mchanga. Tukaziwasha. Moja ilichukua nusu saa kuamka, nyingine iliamka ikalala tena. Zilikuwa zimechoka, zimetumika huko zilikotoka mpaka zikasahau ujana wao. Bodi ikaanza kuuliza kama tunaweza kuzigawa vipuri.

Wakati huo ndipo alipokuwa ameripoti mwalimu mpya wa fizikia, Safina Abdulrahim, binti wa huyu mzee wetu mwenye duka la vyombo Katesh. Simama, mwalimu, wakuone. Mnaona alivyo mdogo wa umbo? Huyu aliingia katika chumba kile na kompyuta kumi na moja, akafunga mlango siku nne, akatoka akasema zote zinafanya kazi. Alizivua kila kitu kizito. Aliondoa picha, aliondoa kipanya, aliondoa rangi zote, akaweka mfumo uitwao Linux, na akabakiza maandishi peke yake juu ya skrini nyeusi. Kisha akazifunga zote kwa waya kwenye kasha moja lililo mezani kwake, ili faili zote za shule zikae mahali pamoja. Mashine zikawa nyepesi, zinaruka kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi.

Walimu wakashangilia. Mimi sikushangilia, maana nilikuwa nimeshaitwa nikae mbele ya ile ya kwanza.

Wazee wangu, niwaeleze nilichokiona. Niliona weusi. Hakukuwa na ukurasa, hakukuwa na mstari wa kuanzia, hakukuwa na mahali pa kushika. Kona ya juu kulikuwa na kialama kimoja kinapepesa, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Nikaambiwa: mama, andika. Niandike wapi? Mbele yangu naona mlango umefungwa, na ndani kuna mtu ananipepesea jicho. Je, ninyi mngefanya nini? Mimi nilifanya nilichofundishwa na mama yangu kule Masieda kabla sijajua kusoma. Niliandika: hodi.

Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haipo.

Nikaandika tena, hodi. Ikanijibu vilevile. Nikaandika mara ya tatu, ikanijibu vilevile, bila hata kubadilisha neno. Na kwetu mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, anaondoka. Nikachukua kitenge changu nikaondoka.

Mwalimu Safina alinikuta kwenye ngazi. Akaniambia, "Shikamoo mama."

Nikamwambia, "Marahaba. Mashine yako haina adabu."

"Imekufanyia nini, mama?"

"Nimebisha hodi mara tatu. Inanijibu Kiingereza."

Sasa, kuna watu humu ndani, siwataji majina lakini mmoja anafundisha jiografia, wangecheka mpaka wakae chini. Safina hakucheka. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mama, ile ni kompyuta yako, imewekwa mezani kwako. Kwa nini unaibishia hodi?"

Nikamjibu, "Siyo yangu. Kwangu sibishi hodi, nasukuma mlango naingia. Pale ni kwa watu."

Hayo maneno naomba myaweke akilini, nitayarudia kabla sijakaa.

Asubuhi iliyofuata aliniita. Akaniambia, mama, bisha tena. Nikasita, kwa sababu na mimi nina heshima yangu. Lakini niliketi, nikaandika herufi nne, nikabonyeza. Skrini ikaandika kwa Kiswahili safi: "Karibu, Mama Margwe. Ingia." Na papo hapo ukurasa ukafunguka, mweupe wa moyo ingawa rangi yake ni nyeusi, na mahali pa kuandikia pakawa panatungoja, mimi na vidole vyangu. Nilipiga yowe. Mkuu alitoka ofisini akidhani nyoka ameingia. Hakuwa nyoka, Mkuu, nilikuwa nimekaribishwa.

Sasa wazazi mtaniuliza, hiyo Karibu imetoka wapi? Iliandikwa na Safina, mistari mitatu tu. Wenyewe wanaiita skripti. Msiogope neno. Wewe mama, ukienda mnadani, si unawaachia watoto maagizo? Kwanza mfungulieni ndama, kisha bandikeni maharage, kisha anueni nguo. Ukirudi, yamefanyika kwa mpangilio ule ule. Skripti ni maagizo hayo, yameandikwa kwenye faili na faili likapewa jina. Hili lilipewa jina la hodi. Mstari wa kwanza, unaoanza na alama ya reli na alama ya mshangao, unasema nani atakayesoma maagizo. Wa pili unasema Karibu na jina lako. Wa tatu unafungua programu ya kuandikia pamoja na faili uliyoitaja. Basi. Badala ya kukariri amri ndefu ya Kiingereza, unabisha hodi na kusema unamtaka nani.

Nilipenda jambo lile kupita kiasi, nasema kweli. Nilikuwa nafungua faili zisizo na kazi, ili tu nikaribishwe.

Lakini nilipoandika "hodi mtihani wa historia", zilifunguka karatasi tatu tupu, moja juu ya nyingine. Moja inaitwa mtihani, ya pili inaitwa wa, ya tatu inaitwa historia. Mashine ilidhani natafuta watu watatu. Jamani, mimi naitwa Fausta Yoakimu Margwe. Ukiniita kwa jina hilo nakuja mwenyewe. Kompyuta ingekuletea Fausta, na baba yangu marehemu Yoakimu, na babu yangu Margwe aliyezikwa Masieda kabla ya uhuru. Nilimwambia Safina, hii sasa siyo adabu, hii ni kufukua makaburi. Akaenda kwenye mstari wa tatu, akafunga majina yote ndani ya alama za kunukuu, na mashine ikaelewa kwamba jina likiwa refu bado mtu ni mmoja. Ile karatasi iitwayo "wa" nimeihifadhi mpaka leo, sina moyo wa kuifuta.

Baada ya wiki mbili shule nzima ilikuwa inabisha hodi. Walimu waliokuwa wakipita mlangoni kwangu wamekunja uso, kwenye skrini wanabisha kwa upole. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta wanabisha. Na hapo ndipo tatizo lilipotaka kunimaliza.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Saa mbili asubuhi, Mwalimu Severine, mwalimu wetu wa taaluma, alifungua mtihani wa historia ili arekebishe mwaka mmoja katika swali la pili. Kengele ikalia, akauacha wazi, akaenda darasani. Mimi nami nikabisha, nikakaribishwa kwenye faili ile ile, nikapiga kurasa nne zilizobaki, maswali yote ya insha, na saa tano nikahifadhi nikafunga. Saa saba Severine akarudi kwenye mashine yake. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa wa asubuhi, hauna kazi yangu. Akarekebisha mwaka wake, akahifadhi. Mashine ikamuuliza swali kwa Kiingereza, kwamba faili imebadilishwa na mtu mwingine, je aendelee? Naye akabonyeza ndiyo, kama sisi sote tunavyobonyeza ndiyo. Kurasa zangu nne zikaondoka kama hazijawahi kuzaliwa.

Siku ya pili watoto mia moja na ishirini walikaa kwenye viti, na mtihani ukaisha katika swali la sita. Hakuna aliyejua kilichotokea. Severine hakujua, Safina alikuwa safarini kusahihisha mitihani, mimi mwenyewe nilianza kujitilia shaka. Je, niliandika kweli? Au niliota kwamba nimeandika? Jambo hili nililiogopa kuliko barua yoyote, kwamba labda akili yangu imeanza kunitoroka na mimi ndiye wa mwisho kujua.

Watu wakaanza kusema kwa sauti ndogo ya huruma. Mama amechoka. Mama ametumika sana. Ijumaa Mkuu akaniita, akanipa barua. Mkuu, usiinamishe kichwa, tulishasameheana, na ungekuwa wewe mimi ningeandika hivyo hivyo. Barua ilisema kuanzia Jumatatu baada ya wiki ijayo ninahamishiwa stoo ya vifaa vya shamba, kwa kuzingatia umri na afya yangu. Afya yangu. Mimi ninayepanda mlima kwenda kanisani kila Jumapili na kuwapita vijana njiani.

Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba ile wiki moja iliyobaki aniache kwenye meza yangu. Akakubali.

Mwalimu Safina alirudi jioni hiyo hiyo, akasoma barua, akasema, kesho mama hukai peke yako na karatasi hii, tunaenda nyumbani. Tukapanda basi mpaka Katesh. Mzee Abdulrahim, wewe hukujua siku ile kwa nini nilikuja. Leo utajua.

Tulifika mlangoni kwako saa sita mchana. Nikainua mkono nibishe, kama kawaida yangu. Safina akanishika mkono, akaniambia, "Subiri kidogo mama, baba ana wageni. Viatu vya Shehe viko hapo." Nikatazama chini. Mlangoni kulikuwa na ndala za watoto, na kando yake jozi moja kubwa ya viatu vya ngozi, vimepangwa vizuri, pua zinatazama nje. Binti huyu hajafungua mlango, hajauliza mtu, hajasikia sauti, na anajua kuna mtu ndani na anajua ni nani.

Mkono wangu ukabaki hewani. Nikamwambia, "Safina, hodi yetu haitazami viatu."

Nikamwambia tena, "Inamkaribisha kila mtu kama nyumba haina watu. Wawili wanaingia chumba kimoja gizani, hawaonani, na wa mwisho kutoka anabeba vya wenzake." Wakati huo nilikuwa bado sijui habari ya Severine. Lakini nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kurasa zangu niliziandika na kuna mtu alikuwa ndani.

Mzee, pilau yako ilikuwa nzuri, lakini niliila bila kuionja. Niliomba karatasi na kalamu. Nadhani mama mwenye nyumba alidhani naandika wosia.

Jumatatu niliketi mbele ya skrini nyeusi, Safina pembeni yangu, na nikampa sharti moja, mikono yake aikalie. Niandike mwenyewe. Alinifundisha maneno, nikapanga maagizo. Mtu akibisha hodi, kwanza tazama mlangoni. Kama kuna ndala, soma ni za nani, umwambie mgeni asubiri. Kama hakuna, weka ndala za huyu aliyebisha, ndani yake andika jina lake, kisha umkaribishe. Akimaliza na kutoka, ziondoe. Hizo ndala ni faili dogo tu, halina kitu isipokuwa jina la mtu, na tumeliita ndala mpaka leo. Wakaguzi wakifungua mfumo wetu na kukuta faili themanini za ndala, waelezeni.

Ilikataa mara kumi na moja. Mara moja ilikataa kwa sababu nilisahau kuacha nafasi kati ya mabano na neno. Mpiga chapa wa miaka thelathini amesahau nafasi. Niliona aibu zaidi ya siku ya barua. Lakini kuna jambo katika lugha ile lilinifurahisha mpaka nikacheka peke yangu: ukianza sharti unaandika if, na ukilifunga unaandika fi, neno lile lile limegeuzwa kinyumenyume. Ni kama mkwe anayetoka chumbani kwa kurudi nyuma ili asimpe mkubwa mgongo. Nikamwambia Safina, waliobuni hii walilelewa.

Mara ya kumi na mbili ikakubali. Tulijaribu na mashine mbili, yeye ndani na mimi nje, na skrini ikaniambia: "Subiri kidogo mama. Ndani yuko Mwalimu Safina." Tukakumbatiana hapo hapo, na wanafunzi wa kidato cha pili wakitutazama dirishani.

Ijumaa Mkuu alikuja. Mkononi alikuwa na funguo za stoo, kwenye kamba ya bluu, nazikumbuka. Nikamwambia, Mkuu, kabla hujanipa hizo, naomba ukae ufungue mtihani wa historia unaoandikwa upya. Akakaa. Akabisha. Skrini ikamwandikia: "Subiri kidogo, Mkuu. Ndani yuko Mwalimu Severine."

Mkuu akaita kupitia ukutani, "Severine, uko wapi?"

Sauti ikajibu kutoka chumba cha pili, "Niko ndani ya historia, Mkuu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Nilikuwa darasani, nimeiacha wazi."

Nilimwona Mkuu anaunganisha mambo, polepole, kama mtu anayepanda ngazi za mnara. Severine naye akatokea mlangoni, ameshika chaki, uso umebadilika, maana na yeye alikuwa amefika juu. Akaniambia mbele ya wote, "Mama, ni mimi niliyefuta kurasa zako. Iliniuliza nikasema ndiyo." Mwalimu Severine, umefundisha mengi katika shule hii, lakini siku ile ulifundisha zaidi. Naomba tumpigie makofi.

Na Mkuu alifanya nini? Watu wengine wangelazimisha mlango, yeye ni mkubwa wa shule. Mkuu alivuta kiti, akaweka funguo mfukoni, akasema, "Basi na mimi nitasubiri." Mwalimu Baltazar, katika miaka yangu yote hapa nimepokea vyeti vinne vya mfanyakazi bora na mabeseni mawili. Hakuna kilichonipa heshima kama wewe ulivyokaa pale unangoja zamu yako kwenye mlango nilioujenga mimi. Barua hakuichana, ni mtu wa taratibu. Aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Imeahirishwa. Mkuu, imeahirishwa mpaka leo ninapostaafu, na ninaomba sasa ulifunge jalada lake.

Sisemi nyumba yetu haina kasoro. Umeme ukikatika mtu akiwa ndani, ndala zake zinabaki mlangoni ilhali mwenyewe yuko kwake anakula makande. Ndala za Severine ziliwahi kukaa siku tatu, na darasa zima likaambiwa lisubiri mtu aliyekwenda Haydom kumwona mgonjwa. Kwa hiyo Brightness, mwanangu, sasa ninasema na wewe, njoo mbele, usiniangalie kwa mbali.

Brightness ndiye atakayekaa kwenye kiti changu kuanzia Jumatatu. Ana vidole vyepesi, na alipokuja kuripoti alibisha hodi, nikajua Mungu amejibu. Ukikuta ndala zimekaa muda mrefu, usizitupe upesi. Nenda kwanza kamtafute mwenye ndala, umsalimie, umuulize kama ametoka. Ndipo uziondoe. Na mashine ikikuuliza swali kwa Kiingereza, lisome mpaka mwisho kabla hujasema ndiyo. Zangu mimi nimeshaziondoa mlangoni asubuhi hii, nimehakikisha mara mbili. Chumba hakina mtu. Ingia.

Ndugu zangu, namalizia. Leo saa moja asubuhi, kabla hamjaanza kupanga viti, nilikwenda ofisini kuchukua kikombe changu na kitenge changu. Nikaona nikae mara ya mwisho. Nikawasha. Weusi ule ule, kialama kile kile kinapepesa, ila sasa tunafahamiana. Nikaandika hodi, nisikie nikikaribishwa, basi, niende zangu.

Haikuandika Karibu. Iliandika hivi: "Mama Margwe, hapa ni kwako. Kwako unabisha hodi ya nini?"

Nilijua ni mkono wa nani. Mwalimu Safina, mwanangu, wewe ulihifadhi maneno niliyokuambia kwenye ngazi siku ile nikiwa na hasira, ukayatunza miaka mitatu, ukayarudisha kwangu leo. Nililia, na ninawaambia waziwazi kwamba nililia, mpaka skrini ikadhani nimeondoka ikazima taa yake. Nilikuja hapa nikiwa msichana wa kupiga stensili, na siku zote hizo, hata nilipokuwa mkali mlangoni, moyoni nilijihesabu mgeni ambaye siku moja ataambiwa atoke. Leo nimeambiwa sivyo.

Bodi, walimu, wazazi, viongozi wetu wa dini, nawashukuru mmoja mmoja na wote kwa pamoja. Wanafunzi, nitawakumbuka hata ninyi msiosalimia. Jumatatu mimi nitakuwa shambani kwangu na mahindi yangu. Lakini siku nikipita hapa naelekea Haydom, msishangae mkimwona bibi mmoja anasukuma mlango wa ofisi ile na kuingia moja kwa moja, hajabisha, hajauliza. Msimzuie. Ni mimi, na nimeruhusiwa.

Asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho.